Nguo Zimerudi

9 Machi

Dada yangu,

Salamu kwako na kwa mama. Mwili wangu mzima, mengine niachie mwenyewe. Huku mvua haijakata, na ikinyesha maji yanajaa kwenye mashimo ya lifti, kwa hiyo kazi ipo tele. Juzi nilikuwa kwenye jengo la ghorofa kumi na mbili, nimelala chali juu ya lifti napaka grisi, na mama mmoja kule chini anabonyeza kitufe huku anatukana. Angejua kuna mtu anamsikia, angetukana kwa adabu. Mwambie mama nimenunua koti zito, asihangaike na kifua changu.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ni moja na mama hakai mbali nayo. Barua nampa dereva wa lori la saruji anayepita huko kila mwezi. Na wewe mpe yeye majibu.

Dada, mimi nimemzika mdogo wetu kwa simu. Jirani alinyanyua simu yake pale kaburini ili nisikie, na nilisikia udongo ukianguka, ila sikujua kama ni udongo au ni mtandao unakatika. Mluzi, mtoto niliyembeba mgongoni, na sikuwepo hata kumshika mguu.

Sasa niambie habari za huyo dobi. Miaka yote anavuka reli kuja kwetu, anachukua nguo zetu, anakunywa maji kwenye kikombe chetu, mama anamuulizia hali ya watoto wake. Halafu siku watu wanachinjana, vijana wa upande wetu wanamkuta karibu na zahanati na Mluzi kwenye mkokoteni, amemfunika mashuka kama mzoga. Anampeleka wapi kama si kumtupa? Kikulacho ki nguoni mwako, wazee hawakukosea. Nataka kujua kesi imefika wapi. Nataka anyongwe, na nataka nipewe ruhusa kazini nije nione.

Kuna mpiga plasta tuliyekuwa tunaishi naye chumba kimoja hapa. Ni wa ng'ambo ya reli kama dobi. Siku ya mazishi nilimtolea godoro lake nje. Alilitwika kichwani akaondoka nalo kwenye mvua. Nilijisikia vizuri kidogo.

Niandikie yote, usinifiche hata moja.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako imefika ikiwa na vumbi la saruji mpaka ndani ya bahasha. Nimepiga chafya kabla sijasoma salamu. Tuko salama, kwa maana ya kwamba tunaamka. Mama anakula kidogo na anasema ameshiba. Chumba cha Mluzi amekataa kiguswe. Anaingia, anakaa kwenye kitanda, anatoka, na mimi najifanya sijaona.

Kazi ya cherehani ipo lakini imekatika nusu. Watu wa ng'ambo hawaji tena. Suruali zao walizoleta kupunguzwa bado ziko kwenye rafu, na nyingine wenyewe wamehama au sijui wameishia wapi. Sare za shule nashona za watoto wa upande wetu tu. Kanisani wameweka kufuli mbili na mlinzi, na kwaya tumebaki sauti ya kwanza na ya tatu. Sauti ya pili wengi walikuwa wa kule.

Kuhusu dobi, yuko mahabusu. Anasema alimkuta Mluzi amelala kando ya reli, upande wao, amepigwa, uso umevimba hata hautambuliki. Mpelelezi akamuuliza, kama hautambuliki, wewe ulimtambuaje? Akajibu ni kwa uzi. Unajua anavyofanya kazi, kila nyumba anaitia uzi wa rangi yake ndani ya kola, nguo zisichanganyike. Wetu ni wa kijani. Anasema aligeuza kola ya shati, akaona kijani, akajua ni mtoto wa nyumba gani.

Anasema pia kwamba kabla ya kwenda zahanati alimleta kwetu, akabisha. Mpelelezi alikuja kuniuliza. Nilimwambia hatukusikia mtu. Limeandikwa, nimetia sahihi, limekwisha.

Mke wa dobi alikuja wiki iliyopita. Alisimama ng'ambo ya barabara, hakuthubutu kusogea mlangoni, akamtuma mtoto wa jirani aniulize swali moja tu, kama mume wake alibisha. Nilimjibu hapana. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa, akaenda zake.

Usiniulize tena habari za siku ile. Na mpiga plasta mrudishie nafasi yake. Godoro halikuua mtu.

Dada yako


27 Aprili

Dada,

Shikamoo, na mama mpe shikamoo yake. Nimefurahi kusikia mnaamka, ingawa uliniandikia kama mtu anayetoa taarifa kwa mwenye nyumba. Huku mvua imekata. Mimi mzima, ila kidole gumba nimekibana kwenye mlango wa lifti, kucha imekuwa nyeusi. Bosi amesema ni uzembe. Nikamwambia kidole ni changu na uzembe ni wangu, yeye alete plasta.

Sikuelewi. Mtu amekutwa na maiti ya ndugu yako, na wewe unanieleza habari za nyuzi. Kama hukusikia mtu, basi hakubisha, na kama hakubisha ni mwongo, na mwongo ana la kuficha. Mbona hesabu ni fupi hivyo na wewe unaiandika kwa kuzungukazunguka? Ungekuwa karibu ningekushika mabega.

Sasa sikia kichekesho. Ibada yetu ya Jumapili huku tunasali kwenye ukumbi wa chama cha mafundi, wote tuliotoka nyumbani, wa huku na wa ng'ambo. Tangu machafuko tunakaa kwa makundi mawili na katikati kuna njia pana ya kupitisha gari. Mzee wa ibada ameona dawa ni neno, na neno lisemwe na mtu aliyefiwa. Amenipa mimi. Na unajua amenipa somo gani? Msamaria mwema.

Nilimwambia achague mwingine. Akasema, "Wewe ndiye utakayesikilizwa na pande zote." Nimeshika Biblia wiki nzima na hasira yangu mkononi. Nitawaambia hivi. Yule mtu aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi ni Mluzi. Kuhani alikuja akapita kando, Mlawi akapita kando, na siku ile mji mzima ulipita kando. Wanyang'anyi tunawajua na kijiji chao tunakijua. Na Msamaria hakutokea. Nikimaliza hapo nitakaa chini.

Wewe ndiye uliyetufundisha hadithi hii, dada, darasa la watoto. Unakumbuka tulivyoigiza? Mluzi alikuwa majeruhi kila mara kwa sababu alijua kukoroma kwa uchungu, na mimi ulinifanya punda. Nilimbeba kuzunguka kanisa, na yeye majeruhi anapiga mluzi mgongoni kwangu. Ulitupiga sote wawili.

Nijibu vizuri safari hii.

Mdogo wako


20 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama anakusalimu, anasema kidole ukitie maji ya chumvi na uache kubishana na bosi. Nimemsomea ile sehemu ya punda. Alicheka mpaka akashika ubavu, halafu akaenda kulala, na ilikuwa mchana.

Nimemaliza sare zote. Mashine imeanza kukatakata uzi, nadhani sindano imepinda. Mvua huku bado.

Nina swali la hadithi yako. Unazungumza habari za kuhani, Mlawi, wanyang'anyi na Msamaria. Umemsahau mmoja. Yule mwenye nyumba ya wageni. Sikumbuki kama tuliwahi kumpa mtoto yeyote sehemu hiyo. Mlifika na majeruhi mpaka mlango wa kanisa, nikapiga makofi, mchezo ukaishia hapo. Hakuna aliyefundishwa kufungua. Siku hizi ninamuwaza yeye tu. Mtu yuko ndani kwake, anasikia hodi, na sauti ni ya Msamaria, na Wasamaria na watu wake hawachangamani. Alifungua bila kuuliza?

Mimi sikufungua.

Naliandika sasa kwa sababu nikisubiri dereva apite tena nitapata sababu nyingine ya kunyamaza. Ilikuwa mchana, kama saa tisa. Tulikuwa tumefunga madirisha tangu asubuhi. Mama alikuwa amelala chumba cha nyuma. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni, mgongo kwenye mashine. Nikasikia mkokoteni, halafu hodi, halafu yule dobi akasema kama anavyosema siku zote, "Nguo zimerudi, mama."

Hatukuwa na nguo kwake wiki ile. Hata leso. Watu wanauawa barabarani na mtu wa ng'ambo amesimama mlangoni kwangu ananitangazia nguo. Nikasema moyoni, huyu amewaleta wenzake, wamejificha ukutani, nikivuta komeo tu tumekwisha. Sasa ninajua kwa nini alisema vile. Alikuwa kwenye mtaa wetu, na vijana wetu wana mapanga, angepaza sauti kwamba ana mtu anayevuja damu kwenye mkokoteni wasingemuuliza alimtoa wapi. Alijificha kwenye kazi yake. Na kule kwao hospitali haikufikika, watu wake mwenyewe walikuwa wameziba njia, wangewamaliza wote wawili. Alivuka reli kuja kwetu kwa sababu kwetu ndiko kulikokuwa kwao Mluzi.

Nilikwenda mpaka mlangoni kwa magoti. Nikaweka mkono kwenye komeo. Akasema tena, chinichini, mdomo kwenye ufa wa mbao, "Dada, fungua. Bado anapumua."

Nilimsikia vizuri. Sikujua ni nani anayepumua, Mluzi nilijua yuko gereji anakofanya kazi, amelala huko. Lakini awe nani, ilihusu nini? Mtu ameniambia kuna mtu anapumua, na mimi nikabana pumzi zangu ili adhani nyumba haina watu. Akangoja. Kisha nikasikia magurudumu yanaondoka kuelekea zahanati, na huko kwenye kona ndiko walikomkamata. Daktari alisema Mluzi hakuwa amekufa muda mrefu.

Mpelelezi alipokuja, mama alikuwa amekaa pembeni yangu. Ningesemaje? Ningesema ndiyo, alibisha, ina maana ninamwambia mama kwamba mwanawe alikuwa hai nje ya mlango wake, na yeye yuko ndani. Kwa hiyo nikasema hatukusikia mtu. Kwa neno hilo mume wa mtu amekaa mahabusu tangu Februari, na mwezi ujao anapelekwa mbele ya hakimu kwa kuua. Hana shahidi mwingine. Ni mimi tu.

Nikisema, ninammaliza mama. Nisiposema, ninammaliza dobi. Nimechoka, mdogo wangu. Niambie nifanye nini, na unijibu kwa dereva huyu huyu.

Dada yako


11 Juni

Dada,

Dereva alipita nikiwa kazini mji wa pili, barua yako ikakaa kwa mlinzi wa jengo siku nyingi. Nimeipata jana. Kidole kimepona.

Jumapili ile ya Msamaria ilishapita kabla sijajua lolote. Nilisimama, nikasema niliyokuwa nimepanga kusema, mpaka pale kwenye neno kwamba Msamaria hakutokea. Upande wangu walisema amina kwa nguvu. Upande wa pili mpiga plasta alikuwa amekaa mstari wa mbele, ananitazama. Hakuondoka. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Sasa nimesoma barua yako na ninataka kuyameza maneno yangu yote, na hayamezeki. Leo nimekutana naye kwenye ngazi. Nikashika simu sikioni nikajifanya naongea na mtu.

Umeniuliza ufanye nini. Nimeanza barua hii mara nyingi. Mara ya kwanza niliandika nenda kaseme. Nikaona uso wa mama.

Usiseme.

Mama ana moyo ule unaokwenda mbio, unajua daktari alisema nini. Mluzi hatarudi kwa wewe kusema. Dobi ana mke wa kumhangaikia, na pengine hakimu ataona mwenyewe kwamba ushahidi ni mwembamba, mahakimu huona. Mama ana sisi tu, na mmoja amekwisha. Ukimwambia alikuwa ndani na mwanawe yuko nje, atakufa na wewe utaishi na vifo viwili. Damu nzito kuliko maji, dada. Mungu atamtetea dobi.

Najua nikiandika hivi ninafanana na nani kwenye ile hadithi. Usinikumbushe.

Unataka kujua kama nina hasira na wewe. Sijui. Nimeandika sina, nikafuta, nikaandika tena. Ningekuwa mimi mlangoni nisingefungua pia, na zaidi ya hapo ningemrushia kitu dirishani. Lakini sikuwa mimi mlangoni.

Mdogo wako


2 Julai

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata jana. Nimeisoma nimesimama, dereva akiwa bado anageuza lori. Imechelewa, na nashukuru imechelewa, kwa sababu ningeipata mapema ningekutii. Nilikuwa natafuta mtu wa kumtii, wa kunizuia au wa kunituma, yeyote atakayewahi.

Mama yupo. Nakuambia hilo kwanza ili usome mengine ukiwa umekaa.

Asubuhi ya siku ya kesi nilikwenda chumbani kwake kabla hajaamka vizuri. Alikuwa anakunja blanketi. Nilikaa kitandani nikamwambia yote bila kupamba. Kwamba siku ile dobi alibisha, kwamba alikuwa na Mluzi na Mluzi alikuwa hai, kwamba nilishika komeo na sikulivuta. Mikono yake iliendelea kukunja. Akalikunja lile blanketi mpaka likawa dogo kama mto, akaliweka, akasema, "Nilisikia."

Nilidhani hajanielewa. Nikaanza upya. Akanizuia.

"Nilisikia akisema anapumua. Sikuwa nimelala, nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba. Nikadhani wewe hukusikia, na baadaye nikasema nisikuambie, nisije nikakuua na wewe."

Nikamuuliza mbona hakuniita, hakuniambia nifungue. Akasema, "Niliogopa kama ulivyoogopa."

Unaelewa, mdogo wangu? Kutoka Februari mpaka Juni mimi namlinda yeye na yeye ananilinda mimi. Tunakula meza moja, tunapitishiana chumvi, kila mmoja anamhurumia mwenzake. Tulikuwa na huruma nyingi sana humu ndani. Na yule dobi amelala kwenye saruji kwa ajili ya huruma yetu. Nililia mbele ya mama kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na yeye hakulia. Alitafuta viatu vyake chini ya kitanda. Akasema twende, tusije tukachelewa.

Tulisema wote wawili. Hakimu aliniuliza kwa nini nilitia sahihi uongo, nikajibu nilimwogopa mama yangu, watu wakacheka. Mama alipoulizwa alisema, "Mwanangu aliletwa nyumbani na mtu mwema, nikamwacha nje." Baada ya hapo hakuna aliyecheka. Mimi bado nina kesi ya kutoa ushahidi wa uongo, sijui itaishaje. Wateja wamekuja kuchukua vitambaa vyao, wengine hawakunisalimia. Mwenyekiti wa kwaya ameniambia nipumzike kidogo. Nimeambiwa tumewauza watu wetu.

Dobi walimwachia wiki mbili baadaye. Mke wake hakutuambia, tulisikia kwa watu. Tulikwenda kumngoja nje ya lango la mahabusu. Nilimwambia mama tusiende, akavaa gauni la kanisani. Tulisimama pale tangu asubuhi, yeye hataki kukaa, na mimi namshika kiwiko. Njia nzima alikuwa akijaribu maneno kwa sauti ndogo, anayaacha, anaanza mengine.

Dobi alitoka saa za mchana. Amekonda, ameota mvi, na ule mkono wake wa kushika pasi haufungi vizuri, vijana wetu waliuvunja siku ile kwenye kona. Mke wake alikuwa amembebea shati safi. Alilivaa pale pale langoni, polepole, vifungo akafungiwa. Halafu akainua macho akatuona.

Mama aliniachia mkono akapiga hatua mbele. Akasema, "Baba." Hivyo tu, maneno mengine yote yalimkimbia.

Dobi alisimama. Alitutazama kwa muda, bila chuki, ningeona afadhali chuki. Kisha akamshika mke wake bega, akavuka barabara, akapita kando.

Mama amesema nikuandikie hivyo hivyo, nisipunguze.

Dada yako